Mafuta Kwenye Kitambaa cha Grizel

Nitrogliserini ni mafuta mazito ya kutengenezea baruti, matamu ukiyaonja, na yakikugusa ngozi tu kichwa kinakugonga vibaya. Wageni katika kiwanda cha baruti, kwenye pwani ya Uskochi, walilia kichwa Jumatatu nzima wakirudi kazini. Wenyeji walishajua la kufanya. Jumamosi walipaka tone kwenye kofia ili mwili usiyasahau mafuta siku ya mapumziko. Ilikuwa marufuku, lakini wote walifanya.

Grizel Auchterlonie hakuyataka kwa ajili ya kichwa. Baba yake, Lachlan, aliyatengeneza mafuta hayo miaka ishirini na miwili, na tangu astaafu wiki tatu zilizopita kifua kilimbana hadi akakosa pumzi. Majirani wakasema ni huzuni ya kukosa kazi. Huzuni gani! Grizel aliona kwa macho yake. Akirudi kutoka kazini, hapo hapo kiwandani, mzee akimkumbatia, haupiti muda rangi inamrudi usoni. Jumapili, Grizel akiwa nyumbani, mzee alilala kutwa kashika kifua. Basi Jumamosi hiyo akakipaka kitambaa chake cha kichwa.

Langoni alisimama Bi Purdie, mpekuzi, aliyewakagua wasichana kila siku, wasije wakaingia na pini za kutoa cheche wala kutoka na baruti. Akakishika kitambaa, kikamteleza vidoleni.

"Hata wewe? Miaka sita hapa, bado unaogopa Jumatatu?"

"Si yangu, Bi Purdie. Ni ya baba. Bila haya atakufa."

"Haya mafuta yanaua watu, tangu lini yakaponya? Usinifanye mtoto mie."

"Njoo umwone basi!"

"Lete kitambaa. Na Jumatatu usije."

Grizel alifika nyumbani bila kitambaa. Baba alikuwa kitini, midomo imepauka. Akamkumbatia, mzee akazamisha uso kwenye nywele zake zenye mafuta ya kiwandani, wakakaa hivyo kitambo.

"Afadhali," mzee akasema, akivuta pumzi. "Leo umechelewa, mwanangu."

Mama yake akaingia na beseni la maji ya moto na sabuni, kama kila Jumamosi.

"Haya, inama nikuoshe nywele. Kesho kanisani."

"Nywele zangu haziguswi, mama."

"Makubwa! Mpaka lini?"

Grizel alivuta kigoda, akaketi karibu na baba yake, akalaza kichwa chake kifuani pa mzee, nywele zikawa chini ya pua yake.