Moshi Kuelekea Mlangoni

Ukiona mtoto kanyamaza, usishukuru, nenda kamtazame. Mama Kitinda alilijua hilo, ila kujua ni kimoja na kushika ni kingine.

Siku hiyo alimwita nyumbani mpiga picha waliyembatiza Fundi Tulia, maana neno "tulia" halikumkauka kinywani. Kamera yake ilikuwa ya zamani, sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, lenye kunasa kila picha kwenye kioo chake, na picha zake zilitoka za rangi ya kahawia, kama zile za mababu. Ubaya wake ni mmoja: anayepigwa asitikisike mpaka fundi ahesabu ishirini. Sasa mtoto gani ataweza hilo? Ndiyo maana mama hufunikwa shuka gubigubi, akageuka kiti, akamshika mtoto kwa chini. Pichani haonekani.

Kitinda, wa miezi minane, akakalishwa mapajani. Dada yake wa miaka mitatu, waliyemwita Kiroboto kwa kurukaruka, akasimamishwa kando, kiganja juu ya goti la mama.

"Vioo viwili vimeshaharibika kwa ajili ya huyu," fundi akanung'unika. "Kimebaki kimoja. Kiroboto, leo ukiruka nakuchora masharubu!"

"Mbona wewe huna?"

"Yaani huyu! Haya, tulia. Moja... mbili..."

Chini ya shuka joto na giza. Mama akawa anasikiliza uzito wa kile kiganja gotini. Kwenye nne kilikuwapo. Kwenye saba hakipo.

"Fundi, Kiroboto yupo?"

"Usitikisike, mama! Nane..." Macho ya fundi yalikuwa kwenye saa yake.

Mama akaogopa kuharibu kioo cha mwisho. Bibi yao alikuwa akiisubiri picha hiyo kwa hamu. Labda mtoto kasogea tu. Tisa. Kumi. Hapo akakumbuka pipa la maji uani. Asubuhi, akiwaogesha wapendeze, ni yeye mwenyewe aliyempandisha Kiroboto kwenye kigoda achote maji. Mfuniko aliurudisha? Kumi na mbili. Akatega sikio apate kelele yoyote ile, hata ya sahani kuvunjika. Kimya. Kumi na nne.

Akalitupa shuka, akakimbia na Kitinda kwapani.

"Mama, kioo!"

Kiroboto alikuwa amelalia ukingo wa pipa kwa tumbo, miguu imeshaachana na kigoda, kichwa kiko ndani. Mama akamdaka gauni, akamvuta. Nywele za utosini zilikuwa zikichuruzika maji.

"Niliruka," mtoto akasema, "nikaja kunawa masharubu."

Mama akaketi chini palepale. 

Picha ililetwa baada ya wiki. Fundi alikuwa amewahi kuiziba kamera mara shuka lilipotikisika, kwa hiyo Kitinda alitoka safi, kakaa juu ya kichuguu cha shuka. Kando yake hapakuwa na Kiroboto, ila moshi mwembamba uliotoka gotini kwa mama kuelekea mlangoni.

"Huyu kaharibika," fundi akasema kwa aibu. "Tupige nyingine."

"Acha hiyo hiyo."

Mpaka leo iko ukutani, juu ya pipa lenye mfuniko na jiwe. Kina mama wenzake wakija kuuliza anakopatikana Fundi Tulia, huwaelekeza bila kinyongo. Ila kwanza huwapeleka uani, akaweka kidole juu ya ule moshi.

"Huyu ni mwanangu anaondoka," huwaambia. "Na hiki kichuguu ni mimi, nimetulia."