Macho ya Nahodha

Kwa miaka thelathini nahodha alirudi kutoka baharini, na kila mara mkewe, huku akimvua viatu, alimuuliza, "Huko kukoje?" Jibu lilikuwa lile lile: "Kawaida tu." Kisha huyoo, anageukia ukutani na kukoroma kama trekta.

Sasa kisukari kilikuwa kimempofusha, na ni yeye aliyembembeleza mkewe wapande meli hii ndogo ya kifahari, ili aipite tena pwani aliyoizoea. "Utakuwa macho yangu, mama watoto," alisema.

Asubuhi ya pili meli ilikata kona, na abiria wote wakapiga ukelele. Maji yalikuwa yakiporomoka kutoka juu ya jabali, moja kwa moja hadi baharini, na upinde wa mvua umesimama katikati yake. Mke aliziba mdomo, machozi yakamtoka. Kumbe kitu kizuri namna hii kipo duniani, na huyu mzee alikijua siku zote!

Nahodha alimshika mkono. "Nasikia maji. Tumefika, eh? Niambie, mama watoto, kukoje?"

Mke alifuta machozi, akamfunga kifungo cha shati vizuri.

"Kawaida tu," alisema.