Wasichana Wepesi wa Kibwezi

Asubuhi moja ya Septemba 1984, wakati wa ukaguzi wa kucha, mwalimu wa zamu aliona kwamba viatu vya Mutindi wa kidato cha nne havigusi ardhi. Alimwambia asimame vizuri. Mutindi akasema anajaribu.

"Jaribu kwa bidii," mwalimu akasema, akaendelea na kucha za aliyefuata.

Kufikia mwisho wa juma, nusu ya darasa lile walikuwa wanaelea. Mvua ilikuwa imekosa, na shule hiyo ya bweni nje kidogo ya Kibwezi ilipika uji mara moja kwa siku, uji mwepesi uliomwonyesha mtu kitako cha kikombe chake. Walimu walifunga madirisha wakati wa vipindi ili wasipoteze mwanafunzi. Masomo yaliendelea.

Aliyeyapa mambo hayo jina ni Ndugu Darel, kijana Mmarekani aliyetumwa na kanisa lake kuwahubiria wanafunzi. Alisema ni uamsho. Tangu utotoni alikuwa ameomba kuuona. Aliwakusanya wasichana kanisani, wakaimba huku wakipanda mpaka wakagusa mabati, na kutoka huko juu sauti zao zilikuwa tamu ajabu. Akawashauri wafunge kula kila Jumatano, wasije wakapoteza kipawa. Yeye pia alifunga, kisha Alhamisi akala nyama ya kopo. Hakuinuka. Jambo hilo lilimliza.

Kanisa la kwao liliposikia habari lilituma Biblia, katoni kwa katoni, zenye jalada gumu. Wasichana walishukuru kwa dhati. Mbili mfukoni zilimweka msichana wa kawaida chini mpaka jioni. Mutindi alihitaji tano, na baadaye hata tano hazikutosha.

Kando ya kanisa kulikuwa na stoo iliyojaa magunia ya mahindi ya manjano mpaka juu. Yalitoka kwa kanisa lile lile. Ndugu Darel aliuvaa ufunguo shingoni. Wafadhili walikuwa wameagiza stoo isifunguliwe mpaka wafike wenyewe, wagawe kwa mikono yao na kupigwa picha. Walikuwa waje Agosti. Sasa walisema Desemba.

Kalondu, mama yake Mutindi, alifika langoni akiwa na isyo kidogo kwenye kiondo, mahindi na maharagwe ya mwisho nyumbani kwake.

"Mama, hii ni shule, si hoteli," mwalimu mkuu, Bwana Muthama, alimwambia. "Ukimlisha wako, wenzake watasema nini?"

"Watasema wapewe kijiko."

Muthama hakumruhusu kumlisha. Kalondu akaenda kwa Ndugu Darel, aliyekuwa ameketi mlangoni pa stoo.

"Ndugu, fungua."

"Mama, mahindi si yangu."

"Najua. Ni ya wenye njaa. Mmoja yuko pale juu."

Ndugu Darel akatazama. Mutindi alikuwa ameshikilia tawi la juu kabisa la mgunga, akisoma baiolojia kwa mkono mmoja.

"Mwanao amebarikiwa, mama. Ana furaha."

"Mutindi!" Kalondu akaita. "Una furaha?"

"Mwaitu, nina njaa!" msichana akamjibu mama yake.

Ndugu Darel aliushika ufunguo. Kisha akaenda kwenye redio ya misheni kuwauliza wakubwa wake. Walimwambia avumilie. Alikuwa kijana, na hakuwa amewahi kuwakatalia wakubwa jambo lolote. Alirudi akasema, "Desemba," halafu akaomba kumwombea mtoto.

Maombi yalikuwa mazuri na marefu. Kalondu hakufumba macho. Alitoa nyuzi za mkonge kwenye kiondo, akasokota pajani kama wanawake wa huko wasokotavyo popote wanapoketi, kanisani au matangani. Amina ilipofika kamba ilikuwa tayari. Akairusha juu, Mutindi akajifunga kiunoni.

Wakaenda nyumbani kwa kufuata barabara ya Mombasa, mama chini, binti juu. Walikula isyo njiani. Mutindi alishuka kidogo, kisha akapanda tena. Waliokutana nao waliwasalimu wote wawili, kila mmoja kwa kimo chake.

Walipoiacha barabara na kukaribia nyumbani, jirani yao, mzee Ndululu, alisimamisha jembe.

"Mutindi, huko uliko unaona mawingu?"

"Hapana, mzee."

"Na malori ya chakula?"

"Naona moja. Linatoka upande wa Mombasa."

"Linakata kona kuja huku?"

Mutindi alilitazama kwa muda.

"Limepita."

Ndululu akafikiri, kisha akamwomba Kalondu aachilie kamba kidogo, pengine mtoto ataona mbali zaidi. Kalondu akaachilia.