Tulikuwa Tunaongoza

Kwa akina Kubiak, timu ikiwa inaongoza hakuna anayepiga simu. Hakuna anayehama kiti, hakuna anayefungua dirisha. Norbert alilelewa na sheria hiyo pale Buffalo, Marekani, kama wengine wanavyolelewa na sala za jioni, na kaka yake Leonard aliisimamia kwa ukali kuliko padri. Zamani shangazi yao alipiga simu kushangilia kabla mchezo haujaisha. Timu ikafungwa. Mpaka anazikwa, bibi wa watu hakusamehewa.

Sasa Leonard alikuwa amelazwa, moyo umechoka, na daktari alishawaambia ndugu wasiende mbali. Norbert alimwahidi jambo moja tu: saa ikifika atakuwepo, amemshika mkono. Mama yao alifia hospitalini bila mtu pembeni, na hilo lilikuwa halijawatoka.

Jumamosi walitazama pamoja, kwenye runinga ya wodini, chuo cha mtaani kwao kikicheza mpira wa kikapu. Ni chuo kidogo cha mapadri. Norbert aliwapenda vijana wale kwa uchungu wa pekee, maana kila aliyejua kutupa alihamia chuo kikubwa mwaka uliofuata, wakabaki wenye roho nzuri na mikono mibovu. Waliongoza hadi dakika za mwisho, kisha wakaanza kukosa mitupo huru, ile ambayo hakuna anayekuzuia, umesimama peke yako mbele ya kikapu na ukumbi mzima umekunyamazia. Wakafungwa.

Leonard aligeuza kichwa polepole juu ya mto. "Umetuletea mkosi, mdogo wangu. Kesho kaa kwako, kwenye kiti chako. Huku usilete pua."

"Kaka, acha utani."

"Nani anatania? Kesho ni futiboli, mchujo, ukifungwa msimu umekwisha. Ukija namwambia nesi akutoe."

Norbert alicheka, na kesho yake akatii.

Futiboli ya kwao, ule mpira wa kubebwa kwapani, ilimuumiza kwa namna nyingine. Chuo kilimvunja moyo kwa sababu hakikuwa na kitu. Timu ya kulipwa ilimvunja moyo ikiwa na kila kitu. Alishaiona ikifungwa na theluji, ikifungwa na upepo, ikifungwa na mchezaji wake mwenyewe aliyeteleza akiwa hana mtu mbele. Kila mara alijiapiza kwamba basi, imetosha, na kila Septemba alirudi kama mume asiye na pa kwenda.

Jumapili hiyo timu ilitangulia mapema na haikushikwa. Norbert hakuinuka hata kwenda msalani. Simu ilikuwa mezani, kimya, na ukimya ule ulimpa faraja. Renata, binti wa Leonard, alikuwa amekaa kando ya kitanda cha baba yake; kungekuwa na neno angepiga. Kwa hiyo kaka yupo, aliwaza, macho kodo, anamtukana kocha.

Kwenye sekunde za mwisho mpigaji wa wageni alirudi nyuma, akachapa teke, mpira ukayumba na upepo wa ziwani na ukapita katikati ya nguzo za goli. Timu ya nyumbani ikafungwa kwa pointi moja.

Simu ikalia papo hapo.

"Bamdogo." Sauti ya Renata ilikuwa imekauka. "Baba ametutoka."

"Sasa hivi?"

"Robo ya tatu ya mchezo."

"Robo ya tatu? Mbona hukunipigia?"

"Tulikuwa tunaongoza."

Norbert aliuliza kama kaka yake alisema lolote.

"Alikuulizia. Nikamwambia uko kwenye kiti chako. Akakuulizia tena. Simu ninayo mkononi, Bamdogo, nikasema ngoja robo iishe." Akalia.

Hakumlaumu. Alijua kwamba hata kama Renata angepiga, yeye angeliona jina, akaiacha simu iite mpaka ikate.

Aliendesha gari kwenda hospitalini katikati ya watu waliovaa jezi, wakikwangua barafu kwenye vioo bila kusemezana. Wodini aliushika mkono wa Leonard. Ulikuwa umeshapoa. Alikaa nao hivyo hivyo, kwa sababu aliahidi, na Renata akamwekea kiganja begani.

Mfagiaji aliyevaa kofia ya timu akachungulia mlangoni na ndoo yake. Hakukiona kitanda, aliiona jezi ya Norbert tu. Akatikisa kichwa.

"Wametuua tena, mzee."

"Mwakani," Norbert akajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyozoea kila Januari.

Renata aliondoa kiganja begani mwake.