Leva za Kwenye Mto

Redio ya Sofia ilikuwa ikisema nchi iko tayari. Stefka, bikizee Mbulgaria wa miaka themanini na nne, alitafsiri huku Wamaitha, mlezi wake, akimvalisha soksi. Bulgaria imefaulu kila kipimo, bei na madeni. Mwaka mpya ukiingia, leva zinaondoka, yuro inaingia.

Soksi iliishia kisiginoni.

"Na zile za kwenye mto?" Wamaitha aliuliza.

Ndani ya mto wa kulalia mlikuwa na leva za mazishi yake. Stefka hakuwa na mtoto. Alichotaka ni kulala kando ya kaburi la mumewe huko Plovdiv, Bulgaria, si chini ya theluji ya Toronto walikokuwa.

Wamaitha alikwisha kuona pesa ikifa. Kenya ilipobadilisha noti za elfu moja, mama mkwe wake alichelewa, akabaki na bunda la karatasi chini ya godoro. Kwa hiyo alimbembeleza Stefka, akazifunga leva kwenye leso, akazitia kifuani. Zamu ilipokwisha alipanda basi hadi Etobicoke, kwa Amyn, mbadilisha fedha mzaliwa wa Mombasa.

Amyn alicheka. "Leva? Nani atanunua hapa, mama? Nakupa nusu ya thamani, kwa sababu ya nyumbani."

"Nyumbani gani? Mimi wa Nyeri, usiniletee Mombasa. Kwani hazifi mwaka mpya?"

"Hazifi. Benki kuu yao itazibadilisha bila ada, hata miaka ishirini. Lakini zipelekwe hukohuko, dirishani."

"Mwenyewe bikizee, hata ngazi hapandi."

"Basi nusu."

"Na maiti haipandi ndege bila nauli. Kwa hiyo afe kwanza, afike kwao, ndipo apate nauli ya kwenda?"

"Sheria si yangu, mama."

Wamaitha alizifunga tena zote. Kituoni, upepo ukimkata masikio, alimpigia Mama Melissa, mweka hazina wa kikundi cha kuzikana cha kanisani, kile kilichomrudisha marehemu mumewe Nyeri.

"Niongezee mtu. Mama yangu."

"Si tuko naye tayari?"

"Huyu ni wa pili. Stefka."

"Stefka? Yule mzungu wako wa kazini? Wee! Wanachama watanila mbichi."

"Tulikubaliana mzazi. Hatukusema wa rangi gani."

"Anaomba?"

"Huwasha mshumaa kila jioni."

"Mchango wake?"

"Juu yangu. Mungu atafungua njia."

"Haya. Lakini unajua, mtu mpya ni miezi sita ndipo ahesabiwe. Mwambie mama yako asithubutu kufa kabla."

"Nitamwambia."

Asubuhi Wamaitha alizirudisha leva ndani ya mto, akashona. Akamvalisha Stefka soksi, akamweleza yote, hata ile miezi sita.

Stefka aliutazama mto, akaizima redio.

"Leta uji," alisema. "Leo usinipimie kidogo."