Kelele za Mama Pindo

Alipokuwa hai, Taratibu alitoa albamu mbili. Tangu afariki ametoa tatu, na ya nne, walisema, iko njiani. Marehemu amekuwa mchapakazi kuliko sisi tunaopumua, jamani! Ya kwanza baada ya msiba waliipa jina la Bora za Taratibu. Ya pili, Bora Zaidi za Taratibu. Walipofika ya tatu maneno yalishawaishia, wakaiita Bora Kabisa, na ndani mlikuwa na nyimbo zilezile, ile ya mwisho imepelekwa mwanzo, na picha ya jalada imegeuzwa mpaka Taratibu akaonekana anapiga gita kwa mkono wa kushoto. Mtu mwenyewe huo mkono hata kijiko ulikuwa unamshinda. Kufa kufaana, lakini na kufaana nako kuna mpaka wake.

Msimamizi wa mambo hayo yote alikuwa mdogo wake marehemu, ambaye mtaani walimwita Meneja, ingawa ofisi yake hakuna aliyewahi kuiona. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya Meneja, nyoka akishatoka anaomba radhi kwa kuchelewa. Asubuhi moja alifika kwa shemeji yake, mjane wa Taratibu, akamkuta kwenye cherehani yake ya miguu, magunia mawili ya sare za shule pembeni, sindano mdomoni. Huyu ndiye Mama Pindo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolishona yeye nguo itachakaa lenyewe likiwa bado limekaza.

"Shemeji, za kazi?"

"Njema. Umefuata picha nyingine?"

"Picha tunazo. Tatizo watu wamechoka, shemeji yangu. Wanasema tunawapashia kiporo. Wanataka nyimbo ambazo hawajazisikia."

"Sasa nani azitunge, na mtunzi tumemzika?"

"Alishazitunga," Meneja akasema, akainama kidogo kama mtu anayeingia mlango mfupi. "Zile kanda zako za chini ya kitanda."

Miguu ya Mama Pindo ikasimama kwenye kanyagio.

Kanda zilikuwepo, arobaini na moja, ndani ya sanduku la bati. Kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa miaka ishirini na tatu, Taratibu alikaa sebuleni na gita lake, akaweka redio kaseti juu ya stuli, akabonyeza kitufe na kuanza kutafuta nyimbo. Na kila siku baada ya chakula cha mchana Mama Pindo alikuwa upande wa pili wa pazia, anashona, maana wateja hawajui kama mume wako anatunga. Kwa hiyo karibu kila kanda, nyuma ya gita, ilikuwa na cherehani yake. Ta-ta-ta-ta, mwanzo mpaka mwisho.

Siku moja, kama mwaka mmoja kabla ya msiba, wenzake wa bendi walikuja kumtembelea. Wakasikiliza kanda moja. Mpiga ngoma akaangua kicheko: "Hii ni bendi au kiwanda?" Na Taratibu, naye akicheka, akajibu, "Mke wangu na mashine yake wataniua mwaka huu." Wote wakacheka hawana mbavu. Mama Pindo naye alicheka, meno yote nje, akawapitishia chai. Lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki, na tangu siku hiyo, kila aliposikia kitufe cha redio kaseti kimebonyezwa, alitoa miguu kwenye kanyagio, akaweka mikono mapajani na kutulia tuli mpaka mume wake amalize. Wakati mwingine hakukuwa na la kumaliza. Mwaka ule wa mwisho Taratibu hakutunga wimbo hata mmoja. Alisema vidole vimekuwa vizito.

Ndiyo maana kanda hazikutoka chini ya kitanda. Mama Pindo hakuogopa wezi wala panya. Aliogopa siku ambayo watu watazisikiliza na kusema: nyimbo tamu hizi, bahati mbaya alikuwa na mke mwenye kelele.

"Nitakupa," alimwambia Meneja mwishowe, baada ya chai mbili na sifa zisizohesabika. "Kwa sharti moja. Cherehani itoke. Isisikike hata punje."

"Hilo tu? Siku hizi kompyuta inatoa mpaka kikohozi!"

Baada ya wiki mbili waliitwa studio. Ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, chumba kidogo kilichobandikwa sponji za godoro ukutani. Fundi mitambo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hedifoni shingoni, karanga kwenye bakuli, na macho mekundu ya kukesha na kazi ya watu. Alimpisha Mama Pindo kiti chake mwenyewe, kile kizuri, chenye magurudumu.

"Nimeitoa yote, mama," alisema. Lakini hakusema kwa furaha. "Sikiliza."

Gita likaanza. Lilianza vizuri, sauti safi kabisa, mpaka Mama Pindo akawa kama anaviona vidole vya mume wake. Halafu ghafla likakimbia. Halafu likajikokota. Halafu likanyamaza bila sababu, likadonoa vinoti vitatu, likakimbia tena. Lilikuwa kama mtu anayetembea peke yake njiani huku anaongea na mwenzake asiyeonekana.

Meneja alijikuna shingo. "Hivi siku hiyo alikuwa amekunywa?"

"Wee! Kaka yako alikuwa anakunywa chai, tena ya maziwa!"

"Nimejaribu kumwekea ngoma," fundi akasema. "Ngoma inakwenda huku, yeye anakwenda kule. Nyimbo zote ziko hivi. Samahani, mama, lakini zikitoka hivi watu watamcheka."

Mama Pindo alihisi uso umemwaka moto. Miaka yote hiyo alidhani kelele zake ndizo zilizoziharibu nyimbo, sasa kelele zimetoka na nyimbo zimezidi kuharibika. Heri kulaumiwa yeye kuliko kuchekwa marehemu! Alisimama, akafunga nguo yake kiunoni.

"Nirudishie kanda zangu, mwanangu. Nashukuru kwa kazi."

"Kaa kidogo, mama. Kabla hujaondoka nisikilizie ilivyokuwa mwanzo, halafu uniambie kama ni masikio yangu au vipi."

Akabonyeza. Cherehani ikarudi, ta-ta-ta-ta, na gita juu yake.

"Kaptula hiyo," Mama Pindo akasema, hata bila kukusudia.

"Nini?"

"Kaptula ya shule. Mfuko wa nyuma. Unashuka, unafika kona, unasimama. Unageuza kitambaa. Unaanza tena."

Aliposema unasimama, gita lilisimama. Aliposema unageuza, likadonoa vile vinoti vitatu. Aliposema unaanza, likaondoka na cherehani bega kwa bega. Fundi akarudisha nyuma, akapiga tena, karanga imebaki hewani kati ya bakuli na mdomo.

"Na hapa, mama, anapokimbia?"

"Ubavu wa shati. Ule mshono mrefu, hauna kizuizi, unakwenda tu."

"Hapa anapojikokota?"

"Mkono unaungwa begani. Ukienda mbio hapo kitambaa kinajikunja, unafumua upya."

"Na hapa anaponyamaza kabisa?"

Mama Pindo akasikiliza, akatabasamu. "Bobini imeisha uzi."

Meneja alipiga kofi pajani. "Salaale! Shemeji, unajua kwenye bendi kaka alikuwa akikaa wapi? Mgongo umegusa ngoma kubwa. Kila siku. Mpiga ngoma alikuwa akisema Taratibu ukimwacha peke yake hata makofi hawezi kupiga, anapotea. Mimi nikidhani ni utani!" Alimtazama shemeji yake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Kumbe nyumbani mpiga ngoma ulikuwa wewe."

Walicheka wote watatu. Fundi alipiga wimbo wa pili, Mama Pindo akataja: kola. Wa tatu: sketi ya marinda. Wa nne hakuutaja, alikuwa anacheka mpaka machozi, anajipangusa kwa kiganja, moyo mwepesi kama aliyetuliwa gunia kichwani. Kelele zake hazikuharibu kitu. Kelele zake ndizo zilikuwa njia, na mume wake alikuwa anapita juu yake.

Halafu kicheko kikamkatikia katikati.

"Kanda ya mwisho," alisema. "Ile yenye uzi mwekundu, ya mwaka wake wa mwisho. Iko wapi?"

"Ile tupu? Nilisikiliza mwanzo, mama, nikaona haina kitu."

"Iweke."

Kitufe kilisikika kikibonyezwa. Gita likaanza, cherehani ikiwa chini yake, sekunde tatu, labda nne. Kisha cherehani ikasimama. Mama Pindo alijua kwa nini: hapo alikuwa ametoa miguu. Gita likatembea hatua mbili tatu, likajikwaa, likaacha. Kiti kikalia. Na Taratibu, kwa ile sauti yake ya chini ya mtu asiyependa kusumbua, akasema:

"Ameacha tena."

Kiti kikalia tena.

"Kachoka, masikini. Basi tumngoje."

Baada ya hapo hapakuwa na gita tena. Palikuwa na vidole vyake tu, vinagonga ubao wa gita polepole, tu, tu, tu, kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango na hana neno na wenye nyumba.

"Nilikuwepo," Mama Pindo akasema. "Nilikuwa palepale, nyuma ya pazia. Hatua nne. Nilikuwa hata kupumua napumua kwa kuiba." Akaigeukia spika. "Mimi nimenyamaza ili apige. Yeye amenyamaza ili nipumzike. Mwaka mzima, mwanangu! Mwaka mzima tumekaa tunangojana kama wageni!"

Akalia, na hakujificha. Meneja aliangalia viatu vyake. Fundi alimsogezea bakuli la karanga, na Mama Pindo, katikati ya kulia, akachukua moja akala.

Spika bado zilikuwa zinagonga, tu, tu, tu.

"Imebaki ndefu?" akauliza baadaye.

"Upande mzima, mama. Aliiacha mpaka ikaisha yenyewe."

Mama Pindo akajifuta uso. "Shemeji, nenda kaniletee cherehani."

"Kichwa chake tu, au..."

"Na miguu. Kichwa bila miguu kitanisaidia nini? Na mezani kuna pazia la mteja, jeupe. Usilikunje vibaya."

Meneja akashuka ngazi. Alirudi baada ya saa moja na nusu, chuma chote kile mgongoni, ngazi za ghorofa tatu, jasho linamtoka mpaka kwenye soksi, pazia amelining'iniza shingoni kama skafu. Hakuna aliyemcheka, au tuseme walimcheka kidogo tu. Fundi aliweka maikrofoni moja karibu na sindano na nyingine chini karibu na kanyagio, akamvalisha Mama Pindo hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Mama Pindo alichagua upande mrefu wa pazia: mita sita, pindo moja, lisilo na kona hata moja ya kumsimamisha mtu.

Kanda ikarudishwa mwanzo. Gita, hatua zake mbili tatu, kiti.

"Ameacha tena. Kachoka, masikini. Basi tumngoje."

Vidole vikaanza kugonga. Mama Pindo akaweka miguu kwenye kanyagio na kuvisikiliza kwanza. Maisha yao yote Taratibu ndiye aliyemfuata yeye, kwenye kona asimame, mshono mrefu akimbie; leo ilikuwa zamu yake kumfuata. Akaanza polepole, kwa mwendo wa vile vidole, uleule, wala hakuuharakisha. Ta, ta, ta, juu ya tu, tu, tu. Baada ya muda fundi alifumba macho, na Meneja, aliyekuwa amekaa sakafuni anahema, akaanza kutikisa kichwa bila kujijua.

Walikwenda hivyo mita moja, mbili, tatu. Mama Pindo alikuwa analia tena lakini miguu haikupotea, na pindo halikwenda upande. Mita nne. Tano. Kisha kwenye hedifoni kitufe kikaruka, kanda ilikuwa imefika mwisho, na sauti ya vidole ikakatika.

Pindo lilikuwa limebaki kama mita moja. Fundi alinyoosha mkono azime, akautazama mgongo wa Mama Pindo, akaurudisha mkono mapajani. Mama Pindo hakusimama. Aliishona ile mita iliyobaki peke yake, kwa mwendo uleule, mpaka mwisho wa kitambaa, halafu akakata uzi kwa meno.