Jino la Mwisho la Wamuyu

Munyi, jirani wa ng'ambo ya kijito, mpaka leo anaapa kwamba Daktari Njuki alimfunga mama yake mzazi kwa kamba ya meli, akamwekea goti kifuani, akamng'oa jino huku mama akilia hadi kijiji chote cha Kanja, kule Embu, kikasikia. Munyi hakuwepo. Siku hiyo alikuwa sokoni akiuza ndizi.

Kamba yenyewe ilikuwa mshipi wa turubai. Kule Mombasa, ambako Njuki alikuwa daktari wa meno wa wanamaji kwa miaka mingi, mgonjwa wa melini alifungwa kitini, maana wimbi lingeweza kumtupa kazi ikiwa katikati. Alipostaafu mwaka wa tisini na tano akafungua kliniki Kiirua, mazoea hayakumwacha. Aling'oa meno akiwa ametanua miguu, kana kwamba sakafu ya simiti ingeinama.

"Daktari, hapa ni Meru," wateja walimtania. "Bahari imekufuata?"

Naye alicheka, huku moyoni akiikumbuka harufu ya chumvi na rangi mbichi, na wale wanaume wa misuli waliotetemeka kwa kuona sindano tu.

Jumamosi moja alifika nyumbani Kanja, akamkuta mama yake, Wamuyu, ameshika shavu. Mbele alikuwa amebakisha jino moja tu, lililochongwa likawa na ncha. Enzi za usichana wake, mrembo wa Embu alijulikana kwa meno ya juu yaliyochongwa. Njuki alipokuwa ofisa mpya wa wanamaji alitaka kuyavika vifuniko, yafanane na ya watu wa mjini. Mama alikataa katakata.

Sasa uso ulikuwa umevimba.

"Mama, hili limeoza mpaka mzizi. Lazima litoke, usaha usije ukaingia kwenye damu."

"Wewe unaona jino tu. Marehemu baba yako aliliona hilo kabla hajaniona mimi."

"Mama..." Njuki alifungua mkoba wake wa kazi, akautoa ule mshipi.

"Ng'oa basi. Lakini huo mshipi wa nini? Mimi ni mbuzi?"

"Ni mazoea tu."

"Haya, funga, ufurahi."

Akamfunga kitini, akamchoma sindano ya ganzi, akatanua miguu. Mama hakulia hata kidogo.

Kidonda kilipopona, Njuki alirudi na bakuli na unga wa kuchukulia umbo la ufizi, akaukoroga kwa maji. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewatengenezea wanamaji meno ya bandia yaliyonyooka kama gwaride.

"Nitakutengenezea mazuri, mama. Yamenyooka."

"Yaliyonyooka ni ya nani? Nataka yaliyochongwa, kama yangu."

"Na kanisani watasema nini?"

"Watasema Wamuyu amerudi." Akamtazama mwanawe. "Siku nikienda kwa baba yako, sitaki aniulize mimi ni nani. Utanichongea, Njuki?"

Njuki aliendelea kukoroga, mpaka uji ule ukaanza kuganda kwenye bakuli. Akaumwaga, akaanza mwingine, akauliza, "Ncha zilikuwa na urefu gani, mama?"